Kisasi cha Masika, Msomaji wa Chumba cha Ndani

Masika aliapa mbele ya Kitabu, na Kitabu kikanyamaza, kwa sababu kitabu hakina la kusema mpaka kisomwe.

"Aliyemkausha mwanangu," alisema, "nami nitamkausha. Sitaki asamehewe. Sitaki afe usingizini. Nataka aione kiu ikimjia kutoka mbali, aitambue, aiite kwa jina, na asiwe na pa kukimbilia." Kisha akakaa tena juu ya kigoda chake, maana msomaji hana pengine pa kukaa, akaelekeza uso mlangoni, mlango asiouona, akangoja.

Asiyeujua mji huo na aambiwe sasa: ulikuwa ndani ya mwanamke. Wakazi walimwita Mwenye Mji. Hakuna aliyepata kumwona uso, kama jiwe la msingi lisivyoliona paa, lakini walimjua kwa mambo yake. Akila, mifereji ilijaa. Akilia, chumvi ilipungua mitaani na watu wakatembea wamelegea. Na tangu alipojifungua, mtaa wa mashariki ulikuwa ukitikisika mara nane, mara tisa, kati ya usingizi mmoja na mwingine. Mtikisiko mdogo wa kuvuta, wenye njaa na raha kwa pamoja, na kila ulipokuja wakazi waliacha kazi mikononi wakatabasamu. "Kananyonya," walisema, kisha wakaendelea. Nyumba zilikuwa maelfu kwa maelfu, za mviringo, ukuta kwa ukuta, na kila nyumba ilikuwa na chumba cha ndani, na kila chumba cha ndani kilikuwa na Kitabu, kile kile, neno kwa neno, kutoka nyayo za mji hadi utosini. Saa hazikuwapo. Mtu aliweza kusema "juzi" akimaanisha jambo litakalotokea, na hakuna aliyemsahihisha.

Msomaji hakusoma atakavyo. Hilo ndilo lililowachanganya wageni, na ndilo lililomchanganya Masika mwenyewe kila alipopata nafasi ya kufikiri. Chini kidogo ya mbavu zake palikuwa na shimo laini, kama mahali kichwa cha mtoto kinapozoea kulala. Mgeni alipoingia, tone la mafuta lililotokana na chakula cha Mwenye Mji, alipita ukumbini akaja akajikunja humo. Wasomaji wote walikuwa vipofu. Hawakumtambua mgeni kwa uso wala kwa jina la kwao, walimtambua kwa jinsi alivyokaa. Akikaa sawasawa, mgongo wa msomaji ulinyooka wenyewe na vidole vya mkono wake wa kulia vikaanza kuona herufi. Ndipo aliposoma kwa sauti, na nyumba ikatii. Akisoma *Weka*, mafuta yalipelekwa Mtaa wa Akiba. Akisoma *Choma*, yalichomwa na mji ukapata joto. Akisoma *Tulia*, hasira zote za nyumba zilikaa chini. Na ulikuwapo ukurasa mwingine, ambao Masika aliusoma mara chache na kila mara kwa heshima: *Kua, ujijue, kisha ukome.* 

Swali lake lilikuwa hili. Ni nani anayetawala? Kitabu kina maneno yote lakini hakina sauti. Msomaji ana sauti lakini hana hiari. Mgeni ana hiari ya kuja lakini hajui anachokuja kusababisha. Yeye ni tone tu la samaki au la karanga, lililokuwa likitafuta pa kujikunja. Na Mwenye Mji, aliyemla samaki, anadhani amekula samaki. Basi amri ilitoka wapi? Zamani swali hilo lilikuwa la kujifurahisha, kitu cha kuchezea wakati mifereji imetulia. Tangu mwanawe Tunu afe, lilikuwa limeota meno. Kama hakuna anayetawala, nimlipize nani?

Katika chumba kile hakuwa peke yake. Mkono wake wa kushoto ulishikwa na Mwamvita, na bila Mwamvita hakuna ukurasa uliofunguka hata wageni wajae mpaka barazani. Mwamvita alikuwa mwenza wa kila msomaji: wa yule asomaye jua likipiga ngozini, wa yule asomaye baridi, na wengine ambao Masika aliwasikia kwa mbali tu. "Nina mikono miwili na waume kumi," Mwamvita alipenda kusema, akicheka kwa pua. "Mimi sichagui. Anayewahi ndiye ninayemshika." Alikuwa katika kila nyumba ya mji kwa wakati mmoja, na hilo halikumshangaza mtu, yeye mwenyewe hata kidogo.

Wa tatu alikuwa Shomvi, mpiga mbiu wa moto. Huyu alilala sakafuni chini ya kigoda, na kazi moja ya Masika, ambayo haikuandikwa popote, ilikuwa kuukanyaga mdomo wa Shomvi kwa unyayo wake. Si kwa kumtesa. Mbiu ya Shomvi ilihitajika siku mwiba unapoingia, siku kidonda kinapooza. Siku hizo Masika aliinua kisigino kidogo, mbiu ikatoka, wabeba makaa wakaja, wakachoma kilichostahili, wakaenda zao. Kisha unyayo ukarudi mahali pake. Wasomaji wa kale walifanya hivyo, na mabinti zao wakafanya hivyo, na hakuna aliyeuliza ingekuwaje unyayo usiporudi.

Sasa Tunu.

Nyumba za mji huo huzaana. Usingizi mmoja mzito, ukuta unajikaza katikati, Kitabu kinanakiliwa, na ukiamka kuna nyumba mbili, na juu ya kigoda kipya yupo msomaji mpya, bado ana unyevunyevu, anauliza, "Mama, nifanye nini?" Hivyo ndivyo Tunu alivyokuja. Masika alimfundisha kupitia ukutani. Alimfundisha kutomwogopa mgeni mzito, kutomkanyaga Shomvi wake kwa nguvu mno, kucheka utani wa Mwamvita hata usipochekesha. Alimwimbia. Mzazi kipofu humjua mwanawe kwa pumzi, na Tunu alikuwa na pumzi fupi ya mtu anayetaka kusema jambo akasita.

Mlango wa tatu kutoka hapo ilikuwapo nyumba iliyoacha kusikiliza kuta zake. Ilianza kwa kujiongezea chumba. Kisha chumba juu ya chumba. Kisha ikazaa nyumba nyingine kando yake bila hata kulala usingizi, na hizo zikazaa, zikabanana, zikaelekeza viwiko kwa majirani. Watu waliiita Nyumba Nene, na mwanzoni walisema kwa kicheko, kama mtu anavyomsema jirani aliyenunua kochi kubwa kuliko sebule.

"Mama," Tunu alisema ukutani mara moja, "mfereji umenyamaza."

"Subiri, mwanangu. Mwenye Mji hajala."

"Amekula, mama. Nayasikia maji. Yanapita." Akasita, kama kawaida yake. "Yanapita kwa jirani."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya maana. Baadaye palikuwa na kukwaruza tu, ukucha juu ya ukuta mkavu, na baadaye ukuta ukawa baridi. Masika aliweka shavu lake hapo. Hakulia, msomaji hana maji ya ziada. Aliweka shavu mpaka baridi ya ukuta ikaingia mdomoni mwake, ikakaa kwenye jino, na tangu hapo kila neno alilosema lilipita kwenye jino hilo kwanza.

Ndipo akaapa.

"Unafikiria jambo baya," Mwamvita alisema. Alimjua kwa jasho la kiganja.

"Nafikiria jambo la haki."

"Kiganja cha haki hakilowi hivi, shoga. Niambie."

Masika aliinua unyayo wake. Si kidogo, kama siku za mwiba. Aliuinua wote, akauweka kando, akakunja mguu chini ya kigoda kama mtu aliyemaliza kazi.

Shomvi alikaa kitako. Alipangusa midomo. "Mimi huyu," alisema, sauti yake ikikwaruza, "muda wote huu naonja vumbi la kisigino chako. Leo umekumbuka nina mdomo?"

"Mlango wa tatu," Masika alisema. "Piga mbiu mpaka nikuambie basi."

"Na ukisahau kuniambia basi?"

"Nitakuwa nimefurahi."

"Masika!" Mwamvita alimvuta mkono. "Huyu haachiwi mdomo hivi hivi! Ukimwachia anapiga mpaka—"

Lakini Shomvi alikwisha kufungua mdomo, na mdomo uliofungwa muda mrefu vile una mengi. *Moto! Adui! Mlango wa tatu! Moto! Njooni na makaa, njooni wote, njooni mlio mbali, moto!* Mbiu ilipita kuta zote. Nyumba zilizokuwa zimenyamaza zikamwamsha kila moja Shomvi wake, na hao nao wakaitika, na mitaa ikavimba kwa sauti. Kutoka mifereji mikubwa wakaja wabeba makaa, wanaume wa matumbo makubwa na pua za kunusa, vikapu vya moto begani.

Hapa Masika alipata raha yake, na raha hiyo isifichwe. Alisikia boriti ikipasuka mlango wa tatu. Alinusa unga wa ukuta ukiungua. Akacheka, kicheko ambacho hakuwa amekijua, kilitoka chini ya shimo la wageni. Ungua, alisema moyoni. Anzia vidoleni. Ungua polepole ili upate muda wa kuelewa. Mwanangu alikwaruza ukuta, nawe kwaruza. Alisema mfereji umenyamaza, nawe sema, nikusikie, sema kwa sauti, mfereji umenyamaza. Unaona? Unaona jinsi neno dogo linavyokuwa kubwa? Mfereji. Umenyamaza. Sema tena. Nina muda. Sina kitu kingine, nina muda, ninao wote, wa Tunu pia ninao, aliniachia.

Alikaa hivyo milo miwili, labda mitatu. Kisha akasikia nyundo.

Moto haupigi nyundo. Masika aliinamisha kichwa, akasikiliza vizuri. Nyundo, na jembe, na watu wakiimba wimbo wa kazi. Mbeba makaa mmoja alikuwa akipita mlangoni akipumua kwa shibe, na Masika akamwita.

"Baba, kuna nini mlango wa tatu?"

"Kuna kazi, bibi! Kazi nzuri. Tunachimba mifereji."

"Mifereji ya nini?"

"Ya maji. Nyumba imeungua upande mmoja, wenyewe wanaijenga upya, wanaipanua. Sisi tunasaidia. Wanatupa mafuta tunakula mpaka tunasinzia."

"Mliitwa kuchoma!"

"Tuliitwa, tukaja, tukachoma. Halafu tukapata njaa." Hakuwa na ubaya sautini, alikuwa kama fundi yeyote anayeeleza kwa nini yuko upande ule wa barabara. "Sisi tunamfanyia kazi anayetupikia, bibi. Wewe umetupikia nini?"

Akaenda zake. Hilo ndilo kosa la watu wa mji ule, na lilikuwa kosa la kale kuliko yeye: kuamini kwamba moto unamkumbuka aliyeuita.

Mbiu haikukoma. Masika alisema basi, Shomvi hakusikia. Alisema basi tena. Sauti ya Shomvi ilikuwa imejitenga na Shomvi, ilijipiga yenyewe. Mji ukapata homa. Homa ina njaa yake, na njaa hiyo ilikwenda moja kwa moja Mtaa wa Akiba, ikavunja makufuli, na mafuta yaliyowekwa kwa subira, tone kwa tone, *Weka* kwa *Weka*, yakatoka yote kwa mkupuo kama watu wanaokimbia nyumba inayoanguka. Yalipita mbele ya mlango wa Masika yakienda kuchomwa. Hakuna tone lililogeuka kuingia. Shimo chini ya mbavu zake likabaki tupu. Vidole vyake vikasahau herufi. Alikuwa msomaji asiye na mgeni, yaani mwanamke aliyekaa juu ya kigoda kizee gizani, na pembeni yake Nyumba Nene ilikuwa sasa na ghorofa ambazo hakuna aliyezihesabu.

"Umefurahi?" Mwamvita aliuliza.

Masika alipapasa shimo lake tupu.

"Nimekuuliza, umefurahi? Maana ulisema utakuwa umefurahi."

"Nyamaza, Mwamvita."

"Sinyamazi. Sikiliza mashariki."

Mtaa wa mashariki ulikuwa ukitikisika. Mtikisiko ule ule mdogo, wa kuvuta. Lakini safari hii haukufuatwa na kitu. Ukavuta tena. Ukasimama. Ukavuta kwa hasira, kwa haraka, kisha nje kabisa, upande wa pili wa ngozi ya dunia, pakasikika sauti nyembamba ikipanda na kukatika, kupanda na kukatika.

"Kanavuta," Mwamvita alisema, na sasa hakukuwa na utani sautini mwake. "Kanavuta, hakapati. Mwenye Mji amekauka. Nani alimkausha?"

Masika aliweka kiganja mdomoni mwake mwenyewe. Aliapa kumkausha mtu, na mtu alikuwa amekauka. Kiapo chake hakikuwa kimekosea njia hata kidogo. Kilikwenda kama maji yaendavyo, mahali palipo wazi. Na nje kulikuwa na mtoto asiyejua hata kwamba kuna mji. Kama mwanamke yule angezimika, mifereji yote ingenyamaza kwa pamoja, ya wenye haki na ya wadhalimu, na Nyumba Nene ingekufa nao ikiwa imeshiba. Hicho kingekuwa kisasi cha namna gani, adui kufa ameshiba?

Ndipo radi ikazungumza. Wakazi waliijua radi hiyo. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, mama wa Mwenye Mji, na huja mji unapougua.

"Fumbua mdomo, mwanangu. Dagaa hawa nimewasaga, hawana hata mfupa, ni uji mtupu. Kijiko kimoja."

Mifereji haikupata kitu.

"Basi usile kwa ajili yako. Mwangalie huyu. Mwangalie anavyokula ngumi."

Mji mzima ukashika pumzi, hata nyundo zikapungua. Kisha koo likafunga na kufunguka.

Ilichukua muda. Masika alihesabu kwa mapigo ya kiganja cha Mwamvita. Matone machache yalipita mlangoni, yakanyakuliwa na homa. Likapita jingine, likanyakuliwa. Kisha moja, dogo, lenye harufu ya ziwa na jua la mawe ya kuanikia, likayumba kizingitini kama mtu aliyepotea hospitalini, likaingia. Likajikunja.

Mgongo wa Masika ukanyooka.

"Nishike," alisema.

"Nimekushika. Sijawahi kukuacha, mpumbavu wewe."

Alishusha unyayo wake juu ya mdomo wa Shomvi. Ulikuwa mdomo wa jiko. Ngozi ya unyayo iliungua, akausikia ukiungua, hakuuondoa. Kwa vidole vya kulia akatafuta ukurasa, akasoma *Tulia*. Sauti ilitoka kavu mara ya kwanza. Akasoma tena. Akasoma mpaka Shomvi akaanza kupumua kwa pua, macho yakamlegea, akalala hapo hapo kama mlevi, na mbiu ikakatika. Kuta za jirani zilisikia, na wasomaji wengine, mmoja mmoja, wakashusha nyayo zao. Homa haikuondoka. Ilikaa chini tu.

Kisha Masika akafanya jambo ambalo msomaji hafanyi. Alisimama.

"Unakwenda wapi?" Mwamvita aliuliza. "Msomaji hatoki."

"Milango imeungua kwa homa. Hakuna wa kunizuia."

"Na mgeni wako?"

"Nitambeba." Akaweka mikono miwili chini ya mbavu, kama anavyofanya mwenye mimba changa anapovuka mtaro, akatoka akichechemea.

"Basi tutaonana huko," Mwamvita alisema nyuma yake. "Mimi huko nipo tayari."

Nyumba Nene haikuwa ya mviringo. Haikuwa na umbo. Vyumba vilifunguka ndani ya vyumba, ngazi zilipanda zikakutana na ukuta. Kila alipogusa, Masika aligusa Kitabu kilichonakiliwa kwa haraka: kurasa zilizoshikana, mistari iliyorudiwa, neno *Kua* likiandikwa mpaka pembezoni na *ukome* likiwa limesahaulika. Wabeba makaa walikoroma kwenye baraza za ndani. Alipita kati yao akielekea kwenye sauti moja iliyosoma bila kupumzika, *kua, kua, kua*, mpaka akafika chumba cha ndani kabisa. Hapo akanyoosha mkono, akakuta shingo. Akaibana.

Sauti ikanyamaza. Chini ya vidole vyake pumzi ilisita, fupi, kama ya mtu anayetaka kusema jambo.

Masika alilegeza vidole bila kutaka. "Wewe ni nani?"

"Masika," ilisema shingo.

"Masika ni mimi."

"Na mimi. Ulilala usingizi mzito, ukuta ukajikaza, ukaamka. Hukuuliza ulikuwa na wangapi. Ulisikia mmoja akikuita mama, ukamwita Tunu, ukamwimbia. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa Tunu. Nilisikia nyimbo, lakini kwa mbali." Akavuta pumzi. "Bana, mama. Ulikuja kubana."

"Usiniite mama!"

"Nikuite nani?"

"Ulimkausha mwanangu. Ulimsikia akikwaruza?"

"Nilimsikia."

"Ukafanya nini?"

"Nikasoma." Sauti ile ilikuwa ya Masika mwenyewe, na hakuna kisichopendeza kama kusikia sauti yako ikisema ukweli uliokuwa umejiandaa kuukataa. "Alinijia mgeni, mama. Umbo lake lilikuwa karibu sawa na la wageni ulioniachia. Karibu sawa. Mimi kipofu, nawe kipofu, sisi tunamjua mtu kwa jinsi anavyokaa, naye alikaa. Mgongo ukanyooka. Nikaanza kusoma nikijua atainuka kama wageni wote wanavyoinuka. Hakuinuka. Gusa."

Masika aligusa. Chini ya mbavu za yule mwingine palikuwa na kitu kigumu kilichoota mizizi mahali pa kichwa cha mtoto. Hakikuwa na harufu ya chakula chochote.

"Hapo ndipo niliposikia ukucha wa dada yangu ukutani," yule mwingine alisema, "na mdomo wangu unasema *kua*. Unanielewa? Ningekuwa na mdomo mwingine ningekuita."

Masika alisimama pale na mikono yake. Jino la baridi lilikuwa likimuuma. Alikuwa amebeba kisasi hiki kama mtu anavyobeba sufuria ya moto, akitafuta pa kuitua kabla haijamwunguza, na mahali pekee palipokuwapo palikuwa mapajani mwa mtoto wake.

"Tunu alikuwa mwanangu," alisema hatimaye.

"Na mimi?"

"Na wewe. Ndiyo sababu sitakusamehe. Wa mbali ningemsamehe."

"Sijaomba msamaha, mama. Naomba usome."

Upande wa kushoto wa yule mwingine alikuwapo Mwamvita, yule yule, kiganja kile kile, amenyamaza kama mtu aliyealikwa kwenye ugomvi wa ukoo. Mkono wake ulikuwa umeshikwa. Masika alielewa. Kumwua msomaji huyu kusingefunga nyumba. Juu kulikuwa na vyumba vingine, vigoda vingine, koo nyingine. Nyumba ilitii ukurasa tu. Na ukurasa haukufunguka bila mwenza.

"Mwachie," Masika alisema.

"Siwezi. Huyu wa tumboni ndiye anayekaza vidole."

"Unaweza. Ni mkono wako. Ndio kitu pekee humu kilicho chako. Fungua."

Waliusikia mgogoro huo wote watatu, vidole vitano vikibishana na kitu kisicho na jina. Kidole gumba kikafunguka. Cha shahada. Yule mwingine alilia kwa meno. Kilipofunguka cha mwisho, Masika aliudaka mkono wa Mwamvita kabla haujagusa hewa.

"Umewahi," Mwamvita alisema kwa upole.

Tone la dagaa lilijikunja. Masika akatafuta ukurasa kati ya kurasa zilizoshikana, akaubandua kwa ukucha, akausoma. *Kua.* Nyumba ikatetemeka kwa furaha, ikidhani ni wimbo wake. *Ujijue.* Nyumba ikanyamaza. Ilikuwa ni kunyamaza kwa mtu aliyeulizwa jina lake mbele za watu akagundua hana hakika. Ghorofa za juu ziliacha kupiga nyundo. Wabeba makaa wakaamka, wakajikuna, wakauliza wako wapi.

Hapo Masika alipumzika kidogo. Alitaka isikie. Hili lilikuwa lake, alikuwa amelilipia unyayo. "Mfereji," alimwambia yule mwingine sikioni, polepole, "utanyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Utaisikia kiu inakuja."

"Naisikia. Inatoka mbali." Akasita. "Mama, ulimwimbia nini Tunu?"

Masika hakumwimbia. Asionekane mwema kuliko alivyokuwa; hakumwimbia. Lakini alimshika kichwa kwa mkono uliokuwa ukibana, na ubavu wake ukaegemea ubavu wa yule, na hivyo ndivyo alivyosoma neno la mwisho, mdomo wake ukiwa kwenye nywele za mtoto aliyemchukia: *kisha ukome.*

Nyumba haikuanguka. Ilijikunja. Mifereji yake ilijifunga mmoja mmoja, kuta zikaingia ndani kama nguo zinavyokunjwa na mtu nadhifu, vyumba vikawa vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri, na wabeba makaa, bila kelele, bila moto, wakaviokota wakavibeba. Kitu kilichoota mizizi kiliachia, kikabingirika sakafuni, kikawa si mgeni wa mtu yeyote. Yule mwingine alikuwa mwepesi mkononi, kisha mwepesi zaidi, kisha palikuwa na joto tu.

Masika alijikuta nje, amesimama, mkono wa Mwamvita ungali mkononi mwake.

Mashariki mtaa ulitikisika. Ulivuta. Ukangoja. Ukavuta, na safari hii kitu kidogo, chembamba, kikafuata. Hakikutosha. Kilikuwa kitu.

"Twende nyumbani," Mwamvita alisema. "Mguu wako umeiva."

"Zimebaki ngapi?"

Mwamvita aliuelekeza mkono wa Masika mtaani. Nyumba Nene ilikuwa imezaa. Kushoto na kulia zilisimama zilizozaliwa nayo, zilizozaliwa na hizo, viwiko nje, nyundo zikipiga, na ndani ya kila moja sauti ile ile, *kua, kua*.

Masika alipapasa chini ya mbavu. Tone lilikuwapo bado, limepungua. Alikuwa na hasira, yote, hakuna iliyopungua. Sasa ilikuwa na miguu. Alichechemea mpaka mlango wa kwanza wa kushoto, akaugonga kwa ngumi, akabisha hodi kama watu wanavyobisha wanapojua wenyewe wamo.

Ndani nyundo zikakoma. Kulikuwa na kunong'ona, kicheko, kisha sauti changa, ya kiburi, sauti yake mwenyewe alipokuwa na unyevunyevu bado.

"Nani?"

"Mama yenu," alisema Masika. "Fungueni."